Kiungo kimeumia, nimefanyiwa oparesheni, bado kinauma: maswali ninayoulizwa sana kuhusu fiziotherapia na utafiti wake

Mimi ni fizio, kazi yangu ni magoti, mabega, nyonga na vifundo vya miguu. Maswali haya naulizwa karibu kila siku, mengi yanaanza na "eti ni kweli kwamba...", nimeona niyajibu sehemu moja. Pale ambapo utafiti upo nimeutaja na mwaka wake, pale ambapo ni maoni yangu nimesema ni maoni yangu. Sioni kila mtu kwa macho kupitia hapa kwa hiyo usiache kuonana na mtu wa kukupima, hasa ukisoma jibu la mwisho ukajiona humo.

Nimeteguka kifundo cha mguu jana, nikae tu na barafu au nitembee?

Kwanza tujue mfupa haujavunjika. Kuna kanuni zilitengenezwa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, na mpaka leo ndo tunazitumia. Kama hukuweza kupiga hatua 4 pale pale ulipoumia na hata sasa huwezi, au ukibonyeza kile kinundu cha mfupa upande wa nje au wa ndani, ncha yake na ule ukingo wake wa nyuma, unaruka kwa maumivu, au ukibonyeza katikati ya wayo upande wa kidole kidogo au upande wa ndani mfupa wenyewe unauma, nenda ukapige eksirei. Kama hakuna hata moja, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana.

Sasa barafu. Ile fomula ya pumzika, weka barafu, funga bandeji, inua mguu ilienezwa na daktari Mmarekani Gabe Mirkin mwaka 1978, na miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alijitokeza akasema barafu na kupumzika kabisa vinaweza kuchelewesha kupona. Mimi sikatazi barafu, inatuliza maumivu, weka dakika chache kitambaa kikiwa katikati. Ninachokataza ni ile ya kukaa wiki 3 mguu juu ya mto. Siku moja mbili za kwanza punguza mzigo, afu anza kukanyaga kadiri unavyoweza, na magongo kama unachechemea, halafu unapunguza magongo taratibu. Tafiti zilizolinganisha watu waliofungwa mguu usisogee na waliofungwa sapoti tu wakaanza kutembea mapema zinaonyesha hawa wa pili wanarudi kazini na michezoni haraka zaidi, hapo naongelea kuteguka kwa kawaida, siyo pale ligamenti, yaani ule ukanda unaoshika mfupa na mfupa, imekatika yote.

Kitu watu wanaruka ni mazoezi ya balansi. Maumivu yakiisha wanaona wamepona, baada ya miezi miwili mguu unateguka tena mahali pale pale. Simama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki, ukiweza fumba macho ukiwa karibu na ukuta, utaona kifundo kinavyotetemeka kutafuta njia, huko kutetemeka ndo mazoezi yenyewe.

MRI imesema meniska imechanika na gegedu imechakaa. Si ndo sababu ya maumivu yangu?

Inawezekana. Pia inawezekana kabisa siyo. Meniska ni ule mto mdogo kati ya mifupa ya goti, gegedu ni ule utando laini unaofunika ncha za mifupa. Mwaka 2008 watafiti Marekani, kule Framingham, walichukua watu 991 wa miaka 50 hadi 90 waliopatikana mtaani tu, siyo hospitali, wakawapiga MRI ya goti. Meniska zilizochanika zilikuwa nyingi, na katika hao wenye mchaniko, asilimia 61 hawakuwa na maumivu wala kukakamaa katika mwezi uliopita. Yaani wanatembea na mchaniko hawajui. Mgongo ni hivyo hivyo, mapitio ya mwaka 2015 yaliyokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote yalikuta diski, vile vimto vya kati ya pingili za mgongo, zilizochakaa kwa asilimia 37 ya vijana wa miaka 20 na asilimia 96 ya wazee wa miaka 80.

Kwa hiyo picha ni ushahidi mmoja tu, lazima ukutane na kile unachosema wewe na kile mikono yangu inachokuta. Kinachoniuma ni namna ripoti zinavyosomwa. Mtu ameingia kwangu anatembea vizuri tu, amesoma neno "kuchakaa" kwenye simu usiku, kuanzia siku ile hajapanda ngazi, ameanza kukaa kwenye kiti kama yai. Goti lake halikubadilika usiku ule, kilichoingia ni woga, na woga unadhoofisha misuli kwa sababu unamkalisha.

Basi kama meniska imechanika kwa kuchakaa, si wakaitoe tu kwa ile oparesheni ya matundu?

Hapa utafiti umefanya kazi nzuri kuliko sehemu nyingi, ngoja nieleze vizuri. Wafini mwaka 2013 walichukua watu 146 wa miaka 35 hadi 65, meniska imechanika kwa kuchakaa, hawana ugonjwa wa kusagika kwa goti. Wote waliingia chumba cha upasuaji, wote walitobolewa na goti likachunguzwa kwa kamera. Hapo hapo mezani ndo bahasha ya kura inafunguliwa, nani akatwe nani asikatwe. Nusu wakakatwa kile kipande kilichochanika. Nusu nyingine daktari anaomba vifaa vyote kama kawaida, anakunja na kukunjua goti, anabonyeza kile kifaa cha kusagia kisicho na wembe juu ya pia ya goti kwa nje ili mgonjwa asikie mtetemo, mashine ya kufyonza inaunguruma, na mgonjwa anakaa mle ndani muda ule ule kama amefanyiwa kweli. Baada ya mwaka mzima, waliokatwa na waliodanganywa walikuwa sawa. Wote walipata nafuu!

Miaka 11 kabla, 2002, huko Houston walishafanya kitu kinachofanana kwa wagonjwa 180 wa goti lililosagika, kuosha na kusafisha goti hakukushinda oparesheni ya uongo. Na mwaka huo huo wa 2013 Wamarekani wakalinganisha upasuaji wa meniska na fiziotherapia kwa watu 351 wa miaka 45 na kuendelea, miezi 6 baadaye hakukuwa na tofauti ya maana, ila sema ukweli wote, asilimia 30 ya waliopangiwa fiziotherapia walihamia upasuaji ndani ya miezi hiyo 6. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuanza na mazoezi kwa miezi 3 ya kweli, mlango wa upasuaji haufungwi. Kijana aliyeumia ghafla uwanjani, au goti lililojifunga halinyooki kabisa, hiyo ni habari nyingine, usiitumie hii.

Nimekata ACL. Lazima nipasuliwe?

ACL ni ligamenti iliyo katikati ya goti, inayolizuia lisichomoke. Siyo lazima kwa kila mtu, na siyo upuuzi kwa kila mtu. Uswidi walifanya jaribio likachapishwa 2010, vijana 121 wa miaka 18 hadi 35, nusu wakapasuliwa mapema na kufanya mazoezi, nusu wakaanza na mazoezi, upasuaji ubaki kama akiba. Baada ya miaka 2 hali zao zilikuwa sawa, na katika 59 walioanza na mazoezi 23 ndo walikuwa wamepasuliwa. Kufikia mwaka wa 5 waliopasuliwa katika kundi hilo walikuwa karibu nusu. Uholanzi nao 2021, watu 167, matokeo yanaelekea huko huko, waliopasuliwa mapema walikuwa juu kidogo lakini tofauti ndogo, na nusu ya walioanza na mazoezi hawakuhitaji kisu.

Afu ukija Uingereza 2022, watu 316 ambao ajali ilishapita muda na goti bado linawachomoka, hapo upasuaji ulishinda. Ukiziweka pamoja hazigombani. Umeumia juzi? Una muda, goti lishuke uvimbe, linyooke, paja lirudi, afu uone. Umeshafanya mazoezi miezi na bado goti linakutoka ukigeuka? Kaongee na daktari wa mifupa, usisubiri mpaka meniska nayo iende.

Nimeshapasuliwa ACL, miezi 6 imefika na sina maumivu, kocha ananiita. Nirudi?

Hapana, mdogo wangu, tulia kwanza. Watafiti wa Oslo na Delaware walifuatilia watu 106 waliofanyiwa upasuaji huu, wakachapisha 2016. Kila mwezi mmoja uliocheleweshwa kurudi, mpaka miezi 9, kiwango cha kuumia tena goti kilishuka kwa asilimia 51. Na ukiacha kalenda, waliorudi bila kufaulu vipimo, asilimia 38.2 waliumia tena, waliofaulu ni asilimia 5.6 tu. Vipimo vyenyewe siyo vya ajabu, nguvu ya paja ifike angalau asilimia 90 ya ule mguu usioumia, na kuruka kwa mguu mmoja nako hivyo hivyo. Huu ni ufuatiliaji tu, hakuna aliyepigiwa kura nani arudi lini, lakini mimi sijaona sababu ya kumruhusu mtu kwa kigezo cha "sisikii maumivu". Maumivu yanaisha mapema sana, nguvu inachelewa.

Nimetoka oparesheni ya goti, nikijaribu kuinua mguu ulionyooka hauendi. Wamekata mshipa?

Mara nyingi sana hapana. Goti likivimba na kuumia, taarifa zinazotoka kwenye kiungo zinafanya uti wa mgongo uzime msuli wa mbele ya paja, ni kama swichi imeshushwa, msuli wenyewe mzima. Maji kidogo tu ndani ya goti yanatosha kuuzima. Kwa waliowekewa goti bandia, utafiti wa 2005 ulikuta nguvu ya paja imeshuka kwa asilimia 62 mwezi mmoja baada ya upasuaji, kwa hiyo usijilaumu, siyo uvivu.

Tunachofanya siku za mwanzo ni hiki. Lala chali, taulo iliyoviringishwa chini ya kisigino kwanza, goti lining'inie linyooke lenyewe. Afu taulo ihamie chini ya goti, ubonyeze taulo chini kama unataka kuivunja, mimi naweka vidole viwili juu kidogo ya pia ya goti upande wa ndani. Kuna mama mmoja tulikaa hivyo siku nne, anakunja uso, anabana pumzi, anabana mpaka meno, chini ya vidole vyangu hakuna kitu, laini tu. Siku ya tano kitu kikaruka chini ya vidole, kama samaki mdogo anapogonga wavu, na pia ya goti ikapanda juu kama sentimita moja. Alilia, na mimi karibu nilie. Kuanzia pale ilikuwa kuongeza tu. Ukipata mashine ya umeme wa misuli nayo inasaidia, hasa ikianza mapema.

Na tafadhali, mto chini ya goti usiku toa. Ni raha, najua, lakini goti likizoea kukunjwa halinyooki tena kirahisi, na goti lisilonyooka linakuchechemesha maisha.

Ile mashine ya kunikunja goti nikiwa kitandani inasaidia?

Baada ya goti bandia, tafiti zikijumlishwa faida yake ni ndogo mno haifiki kuitwa faida. Nguvu zako weka kwenye kukunja mwenyewe, kusimama, na kutembea.

Nikifanya mazoezi yanauma. Niache?

Swali hili ndo linaamua nani atapona na nani atakwama. Maumivu siyo mita ya kupima uharibifu. Shirika la kimataifa la utafiti wa maumivu lilishasema tangu 1979, na likarudia 2020 liliporekebisha tafsiri yake, kwamba ni hali mbaya ya hisia inayohusiana, au inayofanana na ile inayohusiana, na kuumia kwa mwili au uwezekano wa kuumia. Angalia hilo "uwezekano". Ni kengele, na kengele iliyolia miezi mingi inakuwa nyepesi, inalia hata upepo ukipita. Maumivu ni ya kweli asilimia mia, sisemi ni ya kichwani, nasema hayaelezi peke yake hali ya kiungo.

Kanuni ninayotumia: kwenye 0 hadi 10, mpaka 5 wakati wa zoezi sawa, ila kesho asubuhi yawe yamerudi pale yalipokuwa, na kiungo kisiwe kimevimba zaidi. Yakibaki juu, hujaharibu kitu, dozi ilikuwa kubwa, kesho punguza uzito au idadi, usifute zoezi lote. Wengi wanafanya kinyume, siku wakijisikia vizuri wanafanya mara tatu, afu wanalala siku nne, wiki inayofuata hivyo hivyo, mwezi unaisha wako pale pale. Andika kwenye daftari umefanya ngapi na kesho yake ilikuwaje, ukija nalo kliniki tunaongea kwa hesabu.

Goti langu limesagika. Kutembea si kunazidi kulisaga?

Neno "kusagika" limetuponza sana, mtu anafikiria tairi. Tairi haina uhai, gegedu inao. Haina mishipa ya damu, chakula chake kinaingia na uchafu unatoka kwa kubanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa, kama sponji, sasa usipotembea inakula wapi? Mapitio ya 2017 yalikuta ugonjwa huu wa goti na nyonga kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, asilimia 10.2 ya wasiokimbia wanaokaa tu, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa ushindani. Mzigo wa wastani ndo rafiki.

Mazoezi yanapunguza maumivu ya goti kiasi, tafiti 44 zilizojumlishwa 2015 zilionyesha hivyo, ingawa mapitio mapya ya 2024 yanasema nafuu hiyo ni ndogo kuliko tulivyotangaza, na mimi nimekubali nimepunguza sauti. Bado nayapendekeza kwanza kwa sababu yanagusa vitu vingi kwa pamoja, nguvu, usingizi, sukari, moyo. Na kama una uzito wa ziada, kila kilo 1 unayopunguza inaondoa kama kilo 4 za mzigo kwenye goti kwa kila hatua. Piga hesabu ya hatua za siku moja tu.

Sindano ya steroidi je?

Inatuliza kwa wiki kadhaa, kwa mtu aliyebanwa kabisa inaweza kumpa nafasi ya kuanza mazoezi. Lakini kuifanya mazoea, hapana. Utafiti wa 2017 uliwachoma watu 140 kila wiki 12 kwa miaka 2, wengine maji ya chumvi wengine steroidi, maumivu yakawa sawa kwa wote, ila wale wa steroidi walipoteza gegedu zaidi. Na mwaka 2020 wagonjwa 156 waligawanywa sindano au fiziotherapia, baada ya mwaka mmoja, wale wa fiziotherapia walikuwa na maumivu na shida chache zaidi.

Kwa hiyo goti bandia ni la kukimbia?

Sijasema hivyo. Denmark 2015, watu 100 wenye goti bovu kweli, waliowekewa goti bandia na kufanya mazoezi walipata nafuu kubwa kuwazidi waliofanya mazoezi na matibabu mengine bila kisu, kubwa karibu mara mbili. Ila matatizo makubwa nayo yalikuwa mengi zaidi kwa waliopasuliwa, na katika wale waliopangiwa kutopasuliwa, robo tatu mwaka uliisha hawajaingia upasuaji. Mimi naliona goti bandia ni oparesheni nzuri sana ikimfika mtu sahihi kwa wakati wake, na mtu anayeingia akiwa na paja lenye nguvu anajua tayari mazoezi atakayoyakuta wodini.

Bega linauma nikiinua mkono, nimeambiwa mfupa unabana wakakwangue.

Uingereza 2018 waligawanya watu 313 makundi matatu, waliokwanguliwa mfupa, waliotobolewa wakachunguzwa tu, na wasiofanyiwa kitu. Kukwangua na kuchungulia vilikuwa sawa. Wote wawili waliwazidi kidogo wale wa tatu, lakini kidogo kiasi kwamba mtu anaweza asikihisi. Wafini mwaka huo huo wakapata jibu la aina hiyo. Na kano ya bega iliyochanika yenyewe bila ajali, katika wagonjwa 452 waliofuatiliwa Marekani wakianza na mazoezi, chini ya robo tu ndo waliishia kupasuliwa ndani ya miaka 2. Ila ukianguka leo na tangu leo mkono hauinuki kabisa, usikae nao wiki 6 ukivuta kamba, nenda mapema.

Kano ya kisigino inauma asubuhi, nimepumzika miezi miwili haijapona.

Kupumzika hakujengi kano. Mswidi Håkan Alfredson mwaka 1998 aliwapa wanamichezo 15 zoezi la kushusha kisigino taratibu kwenye ukingo wa ngazi, mara 180 kwa siku, wiki 12, wakarudi kukimbia. Kundi dogo, lakini tangu hapo tafiti nyingi zimethibitisha kwamba kano inataka mzigo mzito na wa polepole. Siku hizi siyo lazima 180, unaweza kufanya mizito michache mara 3 kwa wiki. Wiki 12 lakini ni 12, ukikata ya 4 usiseme haikufanya kazi.

Naweza kuzuia kabla sijaumia?

Ndiyo. Norwei walijaribu programu ya kupasha mwili ya dakika 20 kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17 wanaocheza mpira, ikachapishwa 2008, majeraha kwa ujumla yakapungua kama theluthi moja na yale makubwa karibu nusu. Makocha wengi wanaijua, wanairuka kwa sababu inachukua muda wa mpira.

Lini nisisubiri fizio wala mazoezi?

Kiungo kimoja kimekuwa chekundu, cha moto, na una homa. Kidonda cha oparesheni kinatoa usaha au kimefunguka. Maumivu ya mgongo pamoja na ganzi sehemu za siri au mkojo kukataa au kutoka wenyewe. Maumivu ya usiku yasiyokoma na unapungua uzito bila sababu. Goti limejifunga. Na kwa aliyepasuliwa wiki hizi, kigimbi kimoja kimevimba, kinauma ukikibonyeza na kina joto kuliko kingine, hilo linaweza kuwa damu iliyoganda, usikichue wala usimruhusu mtu akichue, nenda hospitali leo hii, na kama pumzi inakata au kifua kinachoma usiende kwa miguu, piga simu ya dharura.